Mkono wa Iddi kwa Wapemba: shimo lichimbwe kabla ya mnyama kununuliwa

Assalamu alaykum. Mkono wa Iddi, ndugu zetu wa Wete na Micheweni, wa Chake na Mkoani. Tunautoa mapema, kumi la mwanzo la Mfunguo Tatu (Dhulhija) halijesha, kwa sababu tulilo nalo halifai kungoja Iddi mosi. Kila anayekusudia kuchinja mwaka huu, achimbe shimo kwanza, ndipo aende kutafuta mnyama.

Miaka hii Iddi kubwa imerudi kwenye masika. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, basi sikukuu inarudi nyuma kidogo kidogo, na sasa inatukuta ardhi imeshiba maji, mpunga uko mabondeni unangoja kuvunwa na visima vimejaa. Mvua hiyo ni neema, na tunamshukuru Mola kwayo. Ila kisima kikijaa maana yake maji ya chini ya ardhi yamepanda, na chochote kinachooza juu hakina safari ndefu ya kuyafikia.

Mwenye kuchinja huhesabu nyama. Sisi wa afya na usafi inatubidi tuhesabu na kisichokuwa nyama, kwani ndicho kinachobaki mtaani. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hutoa nyama na mifupa karibu nusu ya uzito wake. Nusu nyengine ni kichwa, ngozi, kwato, matumbo, damu na majani yaliyokwisha kuchachuka tumboni. Damu peke yake hufika lita 8 hivi. Mbuzi wa kilo 25 anaonekana si kitu, lakini mtaa uliochinja mbuzi ishirini umechinja uzito wa ng'ombe wawili, tena nyumba mbalimbali, kila moja na taka zake.

Kwa mbuzi mmoja, shimo la mita moja kwenda chini na nusu mita upana linatosha. Kwa ng'ombe wawili au watatu, lichimbwe mita moja na nusu kwenda chini, urefu kadiri hiyo hiyo, upana mita moja. Liwe mbali na kisima kwa mita 30 na zaidi, tena upande wa chini wa mteremko. Mkichimba mkaona maji yanachuruzika, hapo hapafai. Fukieni, mhamie juu.

Angalieni pia shimo linakaa upande gani. Kibla chetu hapa Pemba kiko kaskazini hasa. Mnyama akilazwa ubavu wa kushoto kuelekea kibla, miguu inakuwa kaskazini na kichwa magharibi, na damu inatokea shingoni kuelekea kaskazini. Basi shimo liwe hapo, kaskazini ya shingo, karibu kiasi cha damu kuingia yenyewe bila ya kutambaa uani. Wengi huchimba popote penye udongo laini, kisha damu inasombwa kwa ndoo za maji hadi mtaroni. Ndoo kumi za maji haziondoshi damu, zinaihamisha tu kwenda kwa jirani wa chini.

Mkimaliza, tandazeni chokaa, na ikikosekana jivu la jikoni, kisha udongo usiopungua sentimita 60, mushindilie kwa miguu. Shimo lililofunikwa kwa udongo wa kiganja ndilo linalofukuliwa na mbwa na paka usiku ule ule, na Iddi pili asubuhi nzi wako kwenye sahani za pilau.

Wenzetu wa ardhi ya mawe, upande wa Micheweni, tunajua kwamba mita moja kwenu ni kazi ya sururu kutwa. Lakini huko ndiko kwenye hatari zaidi. Mawe ya matumbawe yana nyufa, na maji machafu hupita moja kwa moja mpaka kisimani bila ya kuchujwa na udongo. Ni bora nyumba saba au nane zikachangia shimo moja pahala penye udongo wa kina, na matumbo yakapelekwa kwa gari la ng'ombe, kuliko kila mmoja kuficha taka zake kwenye ufa wa jiwe.

Kuna wanaosema pwani itachukua. Hii ndiyo kauli inayotuumiza zaidi, na mvuvi yeyote anaweza kuijibu. Iddi kubwa ni mwezi 10 Mfunguo Tatu kila mwaka. Maji mafu, yale yasiyojaa sana, yamekwisha, na kuanzia siku hiyo maji yanajaa kupita jana, yanapanda mpaka bamvua, yaani maji makubwa, la mwezi 15. Utumbo uliotupwa ufukweni Iddi mosi haupelekwi mbali. Bamvua linauinua na kuuleta juu zaidi ya pale ulipotupwa, na kwenye hori zetu unanasa katika mizizi ya mikoko, mahali ambapo akina mama wanaokota chaza.

Kuhusu mnyama mwenyewe, masharti ya udhiya muwaulize masheikh. Kwa Shafii, ng'ombe na mbuzi watimize miaka miwili, kondoo mwaka mmoja, na ng'ombe mmoja hutosheleza watu saba. Afisa mifugo anatazama mengine. Mnyama anayehema mbio hali amesimama kivulini, mwenye kamasi nzito, anayeharisha au asiyecheua, asichinjwe kabla ya kukaguliwa. Aliye mzima aachishwe chakula kwa muda wa saa 12 kabla ya kuchinjwa, ila maji anywe atakavyo. Tumbo likiwa jepesi, kisu cha mpasuaji hakilitoboi kwa urahisi, na nyama inasalimika na samadi. Ini lenye mirija minene yenye minyoo bapa lizikwe. Mapafu au ini lenye malengelenge ya maji asitupiwe mbwa kabisa, kwa sababu mnyoo ule hukua ndani ya mbwa na mayai yake humrudia binadamu, watoto hasa. Ngozi ya mbuzi msiizike. Ya kilo mbili inataka chumvi karibu kilo moja, isuguliwe upande wa ndani na kulazwa kivulini. Wapigaji dufu wanaitafuta.

Nyama haitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili kwa joto letu. Kosa la kila Iddi ni kulijaza friza kwa siku moja nyama ya moto, vipande vya kilo tano tano. Baridi haifiki kati, nje inaganda na ndani inaoza, na umeme ukikatika kidogo tu yote inapotea. Iacheni ipoe, ikateni vifurushi bapa vya kilo moja, viwekwe kwa nafasi. Ya kugawa igaiwe asubuhi, kabla ya adhuhuri. Na ipelekeni kwa pakacha lililotandikwa jani la mgomba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, na pakacha lina faida nyengine: linapitisha hewa, nyama haichemki kwa mvuke wake njiani.

Watoto wakienda Tibirinzi na viwanja vyengine, watieni mfukoni karatasi yenye jina la mzazi na nambari ya simu. Barafu za rangi na juisi za kufungwa zinunuliwe kwa anayejulikana anachemsha maji. Wauzaji, maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, ndipo yatiwe kidonge cha kusafishia maji kwa kipimo kilichoandikwa, na yangoje dakika 30. Kidonge kikitiwa kwenye tope nguvu zake huishia kwenye tope.

Mnaosafiri kuja kusherehekea nyumbani, kusi limeanza na mkondo wa Nungwi si wa kuchezewa. Chombo kikijaa, shukeni, mungoje cha kesho. Hatujawasahau waliopotea na meli ya Spice Islander I mwezi Septemba 2011, siku chache tu baada ya Iddi ya Mfunguo Mosi. Mwenyezi Mungu awarehemu, na azipe subira familia zao, ambazo Iddi kwao ina kiti kitupu.

Asiye na pahala pa kuchimba amuone sheha wake kabla ya siku ya Arafa, ili aunganishwe na wenye shimo la pamoja. Wasiochinja, ambao ni wengi, nyumba zenu ziko katika hesabu ya kila atakayegawa, na tunawaomba wanaogawa waanze na za mwisho wa njia, zile ambazo pakacha huzifikia likiwa tupu.

Kwa wafagiaji, wauguzi wa zamu, mabaharia na maafisa mifugo watakaokuwa kazini sisi tukila pilau, mkono wa Iddi wenu ni wa kwanza. Kullu am wa antum bikheir.