Risala ya Klabu ya Ufundi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu kwenye meza yetu. Marubani wa kivita husifiwa kwa macho na moyo. Sisi tumeleta kipuri: kile kilichozuia rashasha isipige pangaboi la ndege yake yenyewe.

Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, tatizo lilikuwa hili: ili rubani alenge vizuri, rashasha iwe mbele yake, na mbele ya rashasha kuna pangaboi la mbao. Pangaboi la mapanga mawili likizunguka mara 1,200 kwa dakika, mdomo wa mtutu unazibwa mara 40 kila sekunde.

Rubani Mfaransa Roland Garros (ndiye huyo wa uwanja wa tenisi wa Paris) alifunga kabari za chuma kwenye mapanga ili risasi zikigonga ziteleze pembeni. Aliangusha ndege tatu mwezi Aprili, kisha tarehe 18 akalazimika kutua upande wa Wajerumani, akakamatwa. Kabari zile, kwa maoni yetu, zilikuwa na ujasiri mwingi kuliko ufundi: kila risasi iliyogonga ilitikisa mpaka shafti.

Kiwanda cha Fokker, kilichowaundia Wajerumani ndege, kilipita njia nyingine. Kemu (gurudumu lenye nundu) inazunguka na injini. Nundu ikiinuka inasukuma pushrodi (fito ya chuma), pushrodi inagonga kifyatulio, risasi inatoka panga likiwa limeshapita. Kitufe cha rubani kinaunganisha tu; inayofyatua ni injini.

Balaa linaanzia hapo. Pushrodi ikilegea au kemu ikilika, mlio unachelewa. Hata vyuma vikiwa sawasawa, baruti mbovu ikisita kidogo kuwaka, panga la pili limeshafika. Rubani Mjerumani Max Immelmann alilikata pangaboi lake mwenyewe tarehe 31 Mei 1916. Lililobaki halikuwa na uwiano, injini ikatikisika karibu ing'oke. Akaizima upesi, akateremka kimyakimya. Tarehe 18 Juni ndege yake ilianguka, hakupona. Wajerumani walilaumu hitilafu ileile, Waingereza wakasema ni wanahewa wao McCubbin na Waller waliomtungua. Ugomvi huo hatuuamui sisi.

Mheshimiwa, mfano huu wa mbao una kemu, pushrodi ya waya, na kengele badala ya rashasha. Tunaomba uzungushe mpini, taratibu kwanza. Kengele inalia kwenye uwazi. Sasa legeza skrubu hii nyekundu nusu mzunguko, zungusha tena, utazame panga liko wapi kengele inapolia.