Klorini pekee haiondoi utelezi wa mtungi

Kwa Mhariri,

Kila mvua ikianza, sisi wa Kisumu hukumbushwa kutia dawa ya klorini kwenye maji ya kunywa. Ni sawa, ila mtungi wenyewe hautajwi. Pitisha kidole ndani ya shingo ya mtungi wa lita 20 uliokaa miezi bila kusuguliwa. Utelezi ule si tope la ziwa. Ni boma la bakteria, ute wanaoujenga na kuishi ndani yake.

Ziwani bakteria huwindwa na amiba, kiumbe wa seli moja anayewazingira na kuwameza. Kinga yao ni umoja. Kila bakteria hutoa kemikali kidogo. Bakteria wakiwa wachache, kemikali hiyo hupotelea majini; wakisongamana, huzidi, nao huihisi kama ishara na kubadili mwenendo kwa pamoja. Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa hutumia ishara hizo kuimarisha ute wake na kutoa sumu za kumdhuru mlaji. Bakteria wa kipindupindu ni wajanja zaidi: huanza ute wakiwa bado wachache, na wakishajaa, ishara huwaamuru wapunguze ujenzi na kutoa kimeng'enya kinachowadhuru walaji wao.

Mtungini amiba huenda asiwepo, lakini ngome ni ileile, na klorini hukwama mlangoni pake. Dawa huishia kwenye ute wa juu. Bakteria wa chini wanasalimika na kurudi majini. Kuongeza matone pekee hakuuondoi utelezi.

Kusugua ndiko kunakovunja boma. Kuusukasuka mtungi kwa maji matupu, kama ifanywavyo pale bombani, hakufui dafu. Tia konzi mbili za kokoto ndogo zilizooshwa, kijiko cha sabuni ya unga na lita mbili za maji. Funga, tikisa kwa nguvu dakika tano, ukiulaza na kuupindua ili kokoto zifike kwenye kishikio. Hapo ndipo utelezi hujificha, na brashi haifiki. Suuza mpaka povu liishe. Kisha tia lita moja ya maji safi na kijiko cha chai (mililita 5) cha klorini ya kufulia isiyo na manukato. Usiichanganye na sabuni nyingine. Geuzageuza kwa nusu saa, mwaga, halafu jaza maji na utie dawa ya kunywa kwa kipimo cha chupa yake.

Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwani tope nalo hula klorini. Mfuniko pia usuguliwe, hasa kwenye mikato ya kufungia.

Msomaji,
Nyalenda, Kisumu