Tuchangie na miezi isiyo na hafla

Mhariri,

Kila inapokaribia 12 Agosti, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga mwaka 1999 kuwa Siku ya Kimataifa ya Vijana, magazeti hayakosi picha ya hundi kubwa ya maonyesho. Mfadhili kashika upande mmoja, kiongozi wa kikundi upande wa pili, na vijana wamepangwa nyuma yao wakiwa na fulana mpya zenye nembo. Picha hiyo haina ubaya wowote. Shida yangu ni miezi kumi na mmoja inayofuata, ambayo hakuna anayekuja kuipiga picha.

Mimi ni mweka hazina wa kujitolea katika kikundi kinachokutana na vijana baada ya saa za masomo, kwa hiyo ninayoyasema nayaona kwenye daftari la hesabu. Mapato yetu huingia kwa kishindo: hafla ya chakula cha jioni, matembezi ya hisani, mwisho wa mwaka watu wanapokumbuka sadaka. Matumizi hayana kishindo. Pango ni kila mwezi, umeme kila mwezi, posho ya walezi, yaani watu wazima wanaowafuatilia vijana wetu, kila mwezi. Mlezi akikaa miezi miwili bila posho hutafuta kazi kwingine, na siwezi kumlaumu, maana naye ana watu wanaomtegemea. Vijana aliokuwa anawafuatilia hubaki wakiuliza kaenda wapi, kisha wanaacha kuuliza, kisha wanaacha kuja.

Wanaodhani hilo ni dogo waangalie yaliyojulikana kuhusu Big Brothers Big Sisters, shirika la Marekani lililoanza mwaka 1904, ambalo humkutanisha kijana na mtu mzima mmoja wa kuwa naye karibu. Mwaka 1995 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofuatilia vijana 959. Waligawanywa kwa kura: wengine wakatafutiwa mtu papo hapo, wengine wakasubiri zamu. Baada ya mwaka mmoja na nusu, kundi la kwanza lilikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya, na siku walizotoroka shule zilikuwa takriban nusu ya siku za wenzao. Takwimu hizi utazikuta katika maombi mengi ya fedha duniani, na zinastahili kuwamo.

Ila mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walizirudia takwimu zilezile wakiwa na swali ambalo sisi wachangishaji huwa tunalikwepa: huyo mtu alikaa na kijana kwa muda gani? Vijana waliodumu na mtu wao mwaka mzima au zaidi ndio waliovuna faida kubwa. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walionekana kujithamini kidogo kuliko mwanzo. Nasisitiza hapo kwa sababu wengi huamini kwamba msaada mfupi, hata usipofaa, hauwezi kudhuru. Unadhuru. Kijana ambaye tayari amekwisha kuachwa na watu wazima kadhaa, ukimletea mwingine wa miezi mitatu, umemwongezea mmoja katika hesabu ya waliomwacha.

Ndiyo maana kinachonisumbua si uchache wa fedha peke yake. Fedha nyingi zinazochangwa kwa ajili ya vijana huja na sharti lisiloandikwa kwamba zisiguse posho, pango wala mhasibu. Mfadhili anataka kununua mipira, kompyuta, jezi, vitu vinavyoshikika na vinavyokubali kubandikwa nembo. Ni kununua jembe na kumsahau mkulima. Kompyuta zitakaa kwenye maboksi kama hakuna wa kufundisha, na mpira bila kocha ni vurugu tu ya jioni. Mwaka 2009 Ann Goggins Gregory na Don Howard, washauri wa mashirika ya hisani nchini Marekani, waliueleza mzunguko huu vizuri: wafadhili wanadai gharama za uendeshaji ziwe ndogo kupita kiasi, mashirika yanaogopa, yanazibana au yanazificha kwenye taarifa, na taarifa hizo zinawafanya wafadhili waamini kwamba kweli kazi inaweza kufanyika kwa kiasi hicho. Mwaka 2013 hata taasisi tatu kubwa za Marekani zinazopima mashirika ya hisani, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliandika barua ya wazi kuwasihi watu waache kulipima shirika kwa asilimia ya gharama za uendeshaji pekee. Walioandika ndio haohao waliokuwa wakitumiwa kutoa alama hizo.

Kuna gharama moja katika fungu hilo ambayo singependa mtu aibane kabisa, nayo ni ya kuwachunguza watu kabla ya kuwaacha na watoto. Kuomba majina ya watu wanaowafahamu, kuwapigia simu waliofanya nao kazi, kuwafundisha walezi mipaka yao, kuweka mtu ambaye kijana anaweza kumfikishia malalamiko bila woga. Yote hayo yanakula muda na fedha, na hayapendezi kwenye picha. Kikundi kinachojigamba kwamba kila senti inakwenda moja kwa moja kwa vijana, mimi ningekiuliza kwanza nani amewachunguza walezi wake.

Nilitaja picha. Ipo aina nyingine mbaya zaidi: ya kijana mwenyewe, uso wazi, jina lake, na simulizi ya jinsi baba alivyokuwa mlevi au yeye alivyolala njiani. Najua kwa nini inatumika. Huruma hufungua pochi haraka kuliko taarifa ya mapato na matumizi. Lakini kijana huyo wa miaka kumi na minne atakuwa na miaka ishirini na nne, ataomba kazi, ataposa au kuposwa, na picha itakuwa bado ipo kwenye intaneti ikimtangaza kwa hali yake mbaya kuliko zote. Ridhaa aliyoitoa akiwa anategemea kikundi kwa daftari na nauli si ridhaa ya kujivunia.

Tufanyeje basi? Mwaka 1885 Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la The World la New York, aliona kamati ya kujenga kiweko cha Sanamu ya Uhuru imeishiwa fedha huku matajiri wakitazama pembeni. Akawaomba wasomaji wa kawaida, akaahidi kuchapa jina la kila anayetoa hata kama kiasi ni kidogo namna gani. Kufikia Agosti mwaka huo zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu kama 120,000, wengi wao wakiwa wametoa chini ya dola moja. Mfano huo unapendwa na wachangishaji wa mitandaoni, nami naupenda, ila una kasoro kwa jambo letu. Kiweko kikishajengwa kimekwisha. Kijana hajengwi kwa mchango wa miezi mitano.

Tunachohitaji ni wale wale watoaji wadogo, lakini wanaotoa kila mwezi. Watu hamsini wanaoahidi kiasi kidogo kwa mwaka mzima wanakipa kikundi kitu ambacho hundi kubwa haikipi: uhakika wa kumwambia mlezi, hata kabla hajaanza, kwamba mwaka huu posho yako ipo. Siku hizi mtu anatuma fedha kwa simu akiwa kitandani, kwa hiyo umbali si kisingizio tena. Na mfadhili mkubwa anayetaka hafla yake aifanye, mradi fungu lake aligawe kwa miezi kumi na miwili na aturuhusu kulipa watu. Asiye na fedha anaweza kutupatia ukumbi jioni mbili kwa wiki, au kumpokea kijana kwenye karakana yake ajifunze kazi. Mhasibu mstaafu akitukagulia vitabu mara moja kwa mwaka, kwangu huyo ni mfadhili kamili.

Sisi viongozi wa vikundi nasi tusijifanye malaika. Vipo vikundi ambavyo mwenyekiti, katibu na mweka hazina ni watu wa nyumba moja, na risiti zake hakuna aliyewahi kuziona. Mchangiaji aliyeumwa mara moja huwanyima kumi waaminifu. Taarifa ya ukurasa mmoja kila robo mwaka, yenye kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, ibandikwe mlangoni na itumwe kwa kila aliyetoa, hata aliyetoa kidogo kuliko wote. Na vijana wawemo kwenye kamati ya fedha. Chama cha michezo cha vijana cha Mathare, Nairobi, kilichoanza mwaka 1987, kilijulikana duniani kwa kuzipa timu pointi za ligi kwa kazi ya kusafisha mazingira, siyo kwa mabao peke yake. Wale vijana hawakuwa wapokeaji tu, walikuwa wachangiaji kwa jasho, na jamii iliwaona wakichangia. Ni vigumu kumwita ombaomba mtu aliyekuzibulia mtaro.

Najua watakaosema kwamba haya ni kazi ya serikali, siyo ya wananchi kuchangishana. Sehemu kubwa ni kweli. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, umeandika wajibu wa nchi kwa vijana bila kumumunya maneno, na wenye kodi wana haki ya kuudai. Lakini kijana aliyepo leo hawezi kuambiwa asubiri bajeti ya mwaka ujao ndipo aendelee kukua. Tudai huku tukichangia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Endelea kuchapa picha za hundi. Ila kila unapoichapa, andika tarehe kwenye kalenda ya chumba cha habari, na baada ya miezi kumi na miwili mtume mwandishi akaulize: fedha zilizotajwa siku ile zilifika zote? Zilitumika kwa nini? Walezi waliokuwa kwenye picha, wangapi bado wapo na vijana walewale? Majibu yapewe ukurasa uleule uliobeba picha. Kikundi chetu kipo tayari kuwa cha kwanza kuulizwa, na vitabu vyetu viko wazi.

Mweka hazina wa kujitolea,
Kikundi cha vijana