Kabla Hujabandua Hiyo Stika

Sisi husoma na kuandika upya chipu za kompyuta za zamani. Mteja mmoja alitutumia chipu tatu alizozitoa kwenye BBC Micro, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, zote zimeshabanduliwa stika. Alitaka tu kuona kilichopo chini. Hatumlaumu: kuna kidirisha cha kioo, na nyuma yake kipande cha silikoni kinachometameta, kimeunganishwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kinapendeza kukitazama. Ila stika ile haikubandikwa kwa ajili ya kuandikia jina peke yake.

Chipu hizo za kuhifadhia programu, zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya, zinaitwa EPROM, na aliyezibuni ni Dov Frohman wa Intel, mwaka 1971. Kila biti ni kisiwa kidogo cha silikoni kilichozingirwa na kihami pande zote. Kuiandika chipu ni kusukumia elektroni kisiwani kwa volti kubwa. Zikishaingia, hazitoki kirahisi. Kisiwa chenye elektroni husomeka 0, kitupu husomeka 1. Miale ya urujuanimno huzipa elektroni nguvu ya kuruka ukuta, na ndiyo kazi ya kile kidirisha; stika huizuia miale hiyo isiingie bila kutakiwa. Chini ya taa ya kufutia, dakika 20 hivi zinatosha. Kwa jua kali, watengenezaji walikadiria wiki moja hivi. Kwa taa za tyubu za chumbani, kama miaka 3. Basi kama ulichungulia mara moja ukairudishia stika, lala usingizi. Kama chipu imekaa miezi karibu na dirisha bila stika, ilete sasa.

Hata hivyo, adui mkubwa si jua, ni umri. Elektroni huvuja polepole hata gizani, na chipu nyingi za aina hii zimevuka miaka 40. Wala haifi kwa kishindo. Leo kompyuta inawaka vizuri, kesho inakwama katikati ya programu, ukiizima na kuiwasha inapona, nawe unaanza kuishuku kibodi.

Ndiyo maana kwetu kusoma hutangulia kuandika. Kila chipu tunaisoma mara tatu, kisha tunalinganisha nakala. Kati ya zile tatu za BBC Micro, moja ilikuwa ya namba 27128, yaani yenye kubeba baiti 16,384, na kila tulipoisoma ilitoa kitu tofauti kidogo. Tulipozikagua tofauti, zote zilikuwa za upande mmoja: 0 zinazoyumba kuelekea 1, hakuna hata moja ya kinyume. Hapo ukajua ni elektroni zilizopungua. Tukashusha umeme wa kusomea kutoka volti 5 hadi 4.5. Kisiwa kilichobakiwa na elektroni chache hushindwa kuzuia mkondo umeme ukiwa wa kawaida, lakini ukishuka kidogo kinamudu. Nakala tatu zilizofuata zikalingana baiti kwa baiti. Faili likapatikana, na laiti mtu angekuwa ameshaifuta chipu ile "ili aiandike upya", lisingepatikana.

Kwenye kuandika, tahadhari ni herufi iliyo mwishoni mwa namba ya chipu. Chipu ya 2732 huandikwa kwa volti 25. 2732A huandikwa kwa 21. Tuliwahi kuipuuza hiyo A siku moja jioni tukiwa na haraka, na chipu ikafa papo hapo. Ilikuwa yetu wenyewe, tunashukuru. Nyingi za baadaye, kama 27C256, hutumia volti 12.5 au karibu na hapo.

Wenye Commodore 64, kompyuta nyingine ya nyumbani ya miaka hiyo, mna habari tofauti. Chipu zenu za BASIC (lugha ya programu) na KERNAL (programu ya kuiendesha kompyuta) si EPROM. Programu iliumbwa humo kiwandani na haifutiki wala haiandikiki upya. Ikiharibika tunaweka EPROM ya 2764 mahali pake, lakini ya zamani ina miguu 24 na hii ina 28, kwa hiyo panahitajika soketi ya kuunganishia, ambayo tunaitengeneza. Ila kabla ya kuzilaumu chipu hizo, pima kwanza adapta ya umeme. Zile za asili zina tabia ya kuzeeka vibaya: laini ya volti 5 hupanda, na kumbukumbu za RAM huungua. Tukikubadilishia chipu ukaichomeka tena kwenye adapta ileile, tutaonana tena baada ya muda mfupi.

Unapotutumia chipu, ichomeke kwenye sponji nyeusi ya kuzuia umemetuli, au ifunge kwa karatasi ya alumini miguu yote ikigusana nayo. Sponji ya kawaida na mfuko wa nailoni huzalisha umemetuli, usivitumie. Andika chipu ilitoka kwenye soketi ipi, na pengo dogo lililo kwenye ncha yake moja lilielekea wapi. Piga picha ya bodi kabla ya kuing'oa. Usiikwaruze miguu yenye kutu kwa kisu, tuachie sisi.

Utarudishiwa chipu mpya, faili lililosomwa, na chipu yako ya zamani ikiwa vilevile, imebandikwa stika nyeusi. Hiyo ya zamani hatuifuti hata ukituomba, mpaka utuambie mara ya pili.