Mhariri, zile V8 za zamani hazikuwa gari za wahuni

Mhariri habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana ile makala ya wiki iliyopita kwenye kurasa za michezo, ile ya gari za zamani za V8, yani zenye injini ya silinda 8, imenikaa rohoni nimeshindwa kunyamaza. Mwandishi kasema zile ni gari za Wamarekani za kushindana kwenye barabara iliyonyooka, gari za wahuni na watoto wa matajiri, kamaliza hapo. Mi ni fundi, nimekulia gereji, historia ya hizi gari naifuatilia kwa mapenzi kabisa, na nasema kairuka nchi nzima. Kairuka Australia. Na kule ndo V8 ilikuwa gari ya baba wa familia, milango minne, siti ya nyuma ya watoto, buti la mizigo, na ikifika siku ya mbio gari ya aina hiyo hiyo inaingia kushindana.

Kuna mji unaitwa Bathurst, jimbo la New South Wales, na pale kuna mlima Mount Panorama. Ile njia ya mbio ni barabara ya umma, pembeni kuna nyumba za watu na mashamba, siku za kawaida unapita na gari yako mwisho spidi 60, siku za mbio wanafunga. Mzunguko mmoja ni kilomita 6 na ushee, na kutoka chini hadi juu ni mita 174, kwahiyo gari inapanda, inapita kona zilizobana huko juu, alafu inamwagika kwenye mteremko kuja kwenye barabara ndefu iliyonyooka ambako dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho, na mbele yake kona inamsubiri. Fundi yeyote anajua breki zinapata tabu gani hapo.

Zile mbio zilihamia Bathurst mwaka 1963 zikitokea Phillip Island, zikiwa za maili 500, na sheria yake ilikuwa moja ya maana sana: gari ya mbio iwe ile inayouzwa dukani kwa wananchi, sio kitu umekichonga gereji kwako kwa siri. Mwaka 1966 vigari vya Mini Cooper S vilishika nafasi zote 9 za juu, na mmoja wa madereva walioshinda alikuwa Rauno Aaltonen, huyu huyu Mfini ambae wazee wa huku wanamkumbuka kwenye Safari Rally, akimaliza wa pili mara kwa mara na ushindi haukuja. Basi Ford wakaona hii aibu, mwaka uliofuata wakaleta Falcon GT, wamechukua injini ya V8 ya gari yao nyingine, Mustang, wakaiweka kwenye gari ya familia, wakashinda. Holden, kiwanda cha gari cha kule kule Australia, nao wakajibu na Monaro, wakachukua 1968 na 1969. Hapo vita ikawa vita kweli, na kwasababu ya ile sheria kila silaha mpya ilibidi iwekwe shorumu watu wanunue.

Ndo ikazaliwa Falcon GTHO Phase III ya mwaka 1971, yani hapa naomba nitulie kidogo. Injini ya lita 5.8, kwenye karatasi wameandika nguvu za farasi 300 lakini waliozipima wanasema ni zaidi sana ya hapo, tenki la mafuta limekaa nyuma kubwa la lita 160 na kitu ili gari isiingie piti mara kwa mara, spidi yake inafika kama 228, gari ya milango minne! Zilitengenezwa 300 hivi tu. Allan Moffat, mzaliwa wa Canada, aliiendesha pale Bathurst peke yake mizunguko 130 bila kupokezana na mtu, na katikati ya mbio upepo ukaleta boksi la bia la karatasi likajibandika mbele kwenye grili, pale pale ambapo rejeta inavutia hewa. We fikiria uko mbele unaongoza, injini inafanya kazi hivyo, alafu pua imezibwa. Mwingine angesimama atoe, Moffat akawa anaangalia mshale wa joto huku anaendelea kukimbia, na akashinda nalo. Na hiyo ilikuwa gari ambayo mwananchi angeweza kuinunua na kwenda nayo sokoni.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu, na mhariri hapa nakuomba usome taratibu. Zile gari hazikuuliwa na mpinzani, ziliuliwa na gazeti. Juni 1972 gazeti la Jumapili la Sydney liliandika ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa kwamba gari za maili 160 kwa saa zinakuja barabarani, na waziri wa usafiri wa jimbo akaziita risasi zenye magurudumu. Ndani ya siku chache wanasiasa wamewaka, viwanda vikaogopa kupoteza oda za serikali, Ford wakafuta Phase IV ikiwa zimetengenezwa 4 tu, Holden wakaachana na Torana ya V8 waliyokuwa wanaiandaa, na Chrysler nao wakarudi nyuma. Siku chache tu, kazi ya miaka imekwisha.

Sisemi hofu haikuwa na sababu. Mwaka 1970 Australia ilizika watu zaidi ya 3,700 kwa ajali za barabarani, hiyo ni misiba mingi mno na waziri alikuwa na haki ya kuumia. Lakini gari 300 haziwezi kuua watu wote hao, waliokufa walikuwa kwenye gari za kawaida, na wengi bila mkanda, na ndo maana jimbo la Victoria lililazimisha mikanda mwaka huo huo wa 1970, likiwa la kwanza duniani. Kuandika mkanda hakuuzi gazeti, kuandika risasi kunauza. Ndo maana niliposoma neno wahuni kwenye gazeti lako nimeumia.

Na hizo mbio hazikufa. Oktoba 1972 kijana Peter Brock akashinda na Torana XU-1 ya silinda 6 kwenye mvua, akiziacha zile Falcon kubwa, na ukawa ushindi wa kwanza kati ya 9 aliyopata pale, mpaka wakamuita mfalme wa mlima. Mwaka 1979 alishinda kwa kuwaacha wote mizunguko 6, na mzunguko wa mwisho kabisa, wakati hana hata sababu ya kukimbia, akavunja rekodi ya spidi. Mwaka uliofuata Dick Johnson anaongoza na Falcon yake akagonga jiwe lililokuwa barabarani, gari ikaharibika vibaya, na yeye hela yote ilikuwa imeishia pale. Akalia kwenye TV, watu wakaanza kupiga simu wanachanga, harambee ya nchi nzima, Ford nao wakaweka kiasi kile kile walichochanga wananchi, na mwaka 1981 jamaa akarudi akashinda. Sasa niambie mhariri, wananchi gani wanamchangia mhuni?

Leo Ford waliacha kutengeneza gari Australia Oktoba 2016, Holden wakafunga Oktoba 2017, na 2020 hata jina la Holden likatangazwa linaondolewa. Mwaka 2023 kwenye zile mbio zikaanza kukimbia Mustang ya Ford na Camaro ya Chevrolet, gari zimeundwa kwa ajili ya mbio tu, chini ya bodi hakuna unachoweza kununua shorumu. Mi naziangalia, ni nzuri, lakini sio kitu kile kile kwangu. Na Phase III moja imeshawahi kuuzwa mnadani zaidi ya dola milioni 1 za Australia, hapo ndo tajiri kaingia, nusu karne baadae.

Ombi langu ni hili. Bathurst inakimbiwa kila Oktoba, kwahiyo muda upo, toeni ukurasa mzima kabla ya hapo mueleze hii historia. Na mkiandika msimsahau Bert Shankland aliyekuwa anaishi hapa hapa Tanzania, aliyeshinda Safari 1966 na 1967 na Peugeot 404, gari ambayo wazazi wetu walikuwa wanaijua mpaka spea zake. Mafundi wa enzi hizo wapo bado wachache, na wana mengi ya kusema, mtumeni mwandishi mwenye subira akae nao gereji siku nzima. Na lile neno wahuni naomba lifutwe kwenye toleo lijalo.

Msomaji wenu, fundi magari, Tanga