Ufuo wa Watamu si wa wenye vitanda peke yao

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nilipokuwa nafundisha darasa la tatu hadi nikastaafu, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu mahali pa kuogelea na kuota jua Watamu, hapa kwetu pwani ya Kenya, imenishinda kuivumilia. Mwandishi ametaja ghuba ya Watamu, Blue Lagoon na Turtle Bay, akausifu mchanga mweupe na vile visiwa vya mawe, kisha akatushauri twende alasiri jua likipoa. Maji kujaa na kupwa hakuyataja. Pa kupitia mtu asiyelala hotelini hakupataja pia.

Watamu si ufuo mmoja wa mchanga. Ni ghuba zilizotenganishwa na majabali ya matumbawe, na mawimbi yameyala mawe hayo kwa chini hadi mengine yamesimama kama uyoga, ncha zake zikikata kama wembe. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, mtu akatembea kwa miguu hadi visiwani. Ikifika saa 10 jioni yamejaa, na kina kimepanda zaidi ya mita 3. Aliyekwenda kisiwani kupiga picha bila kuangalia nyuma itambidi arudi akiogelea, kama anajua kuogelea. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hugeuka: maji hujaa asubuhi, lakini kwa upole, na hizo ndizo siku za kumfundisha mtoto. Kila mvuvi wa hapa analijua hilo, na mwandishi wenu angeuliza angeambiwa.

Desemba iliyopita nilikuwa na wajukuu wanne waliotoka Nairobi kwa likizo. Matatu ilituchelewesha, tukafika ufuoni saa 9 alasiri, siku ya mwezi mpevu. Mchanga ulikuwa umebaki ukanda mwembamba chini ya ukuta wa hoteli moja, na ukanda wenyewe umepangwa vitanda vya kuotea jua na miamvuli. Tukatandika leso pembeni kabisa, mbali na vitanda. Akaja askari. "Mama, samahani, hapa ni pa wageni wa hoteli." Nikamuuliza, "Mwanangu, na sisi twende wapi?" Akanionyesha mawe. Nyuma yetu ukuta, mbele maji, kwa hivyo tukakusanya leso, chupa ya maji na mahamri yetu, tukapanda mawe hayo na watoto miguu mitupu. Yule wa miaka 7 akateleza. Jiwe likamchana wayo kutoka chini ya kidole gumba hadi kisigino, damu ikachirizika, na watu waliolala vitandani wakainuka kutazama. Aliyekuja mbio kumfunga ni askari yuleyule, kwa kitambaa chake mwenyewe, huku akiniambia, "Nisamehe mama, nimeagizwa." Huyo simlaumu. Ni kijana wa hapa, na pengine alijifunza kuogelea palepale anapowafukuza wenzake. Namlaumu aliyemwagiza, namlaumu zaidi aliyeuruhusu ukuta ujengwe hadi maji yakawa yanaupiga, na ninyi pia nawalaumu kwa kuvisifu vitanda bila kuuliza vimewekwa juu ya mchanga wa nani. Mtoto alishonwa nyuzi 6. Hadi leo nikimwambia twende baharini huniuliza, "Nyanya, pale tunaruhusiwa?" Mimi nimezaliwa hatua chache kutoka maji hayo na sikuwahi kuwa na swali hilo kichwani.

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma, na Serikali ya Kitaifa inaishika kwa amana ya wananchi. Sasa fikiria: ukuta ukisimama palepale maji yanapofika, basi alasiri ya bamvua ardhi yangu ya umma yote iko chini ya bahari. Na asubuhi maji yakikupwa nitaifikiaje? Kichochoro tulichopitia utotoni kuteremka pwani leo kina lango na kufuli.

Na hili la majina nalo. Fungu la mchanga linaloibuka maji yakikupwa mmeliita Sardegna Due, kama walivyoliita wageni wa Kiitaliano. Sardegna ni kisiwa cha Italia. Gazeti la Kiswahili linashindwaje kumsimamisha mzee mmoja mwenye ngalawa na kumuuliza yeye hupaitaje? Halafu mkamalizia kwamba Malindi maji ni hayohayo mwaka mzima. Si kweli. Mvua ikinyesha bara, Mto Sabaki huteremsha tope na bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Msimu wa upepo wa kusi nao bahari huchafuka na mwani ukarundikana ufuoni. Mtu wa Nakuru aliyeweka akiba mwaka mzima ili awaonyeshe wanawe bahari anastahili kuambiwa haya kabla hajakata tiketi.

Tangu 1968 Watamu ina hifadhi ya bahari, na eneo la samaki na matumbawe limechorwa kwenye ramani. Pa mwananchi kutandika leso hapajachorwa popote. Naomba basi kaunti itume mtu mmoja mwezi Machi, bamvua linapokuwa kubwa kuliko yote, na kopo la rangi nyeupe, apige mstari pale maji yanapoishia kwenye kila ukuta na kila jiwe kuanzia kijijini hadi mlango wa hori la Mida. Kila kichochoro kilichobaki kipewe nambari, kibao na bomba la maji ya kujisuuza. Nanyi mchapishe saa za maji kujaa na kupwa kila Ijumaa kando ya ratiba ya ligi, nafasi ya kidole kimoja inatosha. Wazee wa uvuvi watamwonyesha huyo mpiga rangi jiwe kwa jiwe. Ngazi ninayo nyumbani, nitaileta mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Watamu