Tangazo la usajili lielezee mahitaji maalumu bila kumzungusha mzazi

Mhariri,

Ukifika msimu wa kuandikisha watoto wa awali na darasa la kwanza, matangazo ya shule nyingi huwa na mstari mmoja tu: "Wenye mahitaji maalumu wafike ofisini." Mzazi hajui ni ofisi ipi, siku gani, wala abebe nini. Wapo wanaogeuzia getini, na mtoto akabaki nyumbani mwaka mzima.

Karatasi moja inatosha. Iseme shule ina kitengo gani: cha viziwi, cha wasioona, cha ulemavu wa akili. Iseme ina walimu wangapi waliosomea elimu maalumu, na kama choo kinafikika kwa kitimwendo. Kama haina kitengo, iseme hivyo hivyo na itaje shule ya karibu iliyo nacho.

Kisha utaratibu: mwalimu anamwangalia mtoto darasani, mzazi anampeleka hospitali kupimwa macho na masikio, ndipo tathmini ya kielimu ifuate. Kipimo kitangulie kwa sababu mtoto anayeshika daftari karibu na pua na kunakili nusu ya sentensi za ubaoni huitwa mzito wa kuelewa, kumbe hajawahi kupimwa macho.

Linalotuumiza zaidi ni mtihani wa taifa, na hilo matangazo hayaligusi kabisa. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) humwongezea mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Mwenye uoni hafifu hupewa karatasi ya maandishi yaliyokuzwa, na asiyeona ya nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Lakini taarifa za mahitaji ya mtoto shule huzipeleka wakati wa kusajili watahiniwa. Mzazi wa darasa la saba akija kueleza Agosti, na mtihani ni Septemba, amechelewa. Aambiwe Januari, kwa maandishi.

Lugha nayo iwe ya nyumbani. "Mtoto hasikii vizuri" inaeleweka kuliko "changamoto za usikivu". Tangazo lisomwe kwenye kikao cha wazazi, na wasiosoma watumiwe kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp. Mzazi kiziwi apewe karatasi mkononi. Namba ya simu iwe ya shule. Ikiwekwa ya mwalimu, siku akihamishwa wazazi watampigia mtu aliye wilaya nyingine.

Walimu wa elimu maalumu,
Dodoma